Kiguu na njia: niliyoyaona nikifua jezi za watupaji wa besiboli

Wakuu, habari za usiku.

Mleta uzi ameona mahali kwamba Edwin Jackson, mtupaji wa besiboli wa Marekani (yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani), alichezea timu 14 za Ligi Kuu yao, akauliza: huyu si garasa tu lililokuwa linarushwa huku na kule? Akaongeza la pili: ana mpwa wake Kampala mwenye mkono wa kasi, maskauti, wale wasaka vipaji, wameanza kupita uwanjani, na nyumbani kuna ugomvi kuhusu shule. Walionitangulia wengi wamejibu kwa kicheko. Mimi sicheki, kwa sababu kuanzia 2016 hadi 2019 nilikuwa nafua jezi za watu wa aina hiyo.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikwenda Marekani kusoma, ada ikanishinda kama inavyowashinda wengi, nikapata kibarua kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Timu yenyewe siitaji. Kazi ilikuwa kufua jezi na soksi hadi saa saba usiku, kusugua viatu vilivyojaa udongo mwekundu, kupanga chakula, na kupaka mipira tope. Ndiyo, tope. Mpira mpya wa besiboli unateleza, kwa hiyo kabla ya mechi kila mmoja unapakwa tope laini linalotoka pembezoni mwa mto Delaware kule New Jersey. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba nalipwa kupaka mipira tope, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nakula vizuri.

Kazi nyingine ilikuwa kuandika majina. Kila mchezaji ana kabati lake, na juu ya kabati nabandika utepe mweupe wenye jina lake kwa kalamu nene. Nafasi zilikuwa 25. Msimu wangu wa kwanza niliandika majina zaidi ya 60, na wengi wao walikuwa watupaji. Kuna mmoja nilibandika jina lake mchana, jioni nikalibandua, na mpira hata mmoja hajatupa.

Sasa tuje kwa Jackson. Alizaliwa Neu-Ulm, Ujerumani, mwaka 1983, baba yake akiwa mwanajeshi wa Marekani, kwa hiyo maisha ya kufunga mizigo aliyaanza mapema. Dodgers, timu ya Los Angeles, walimchukua 2001 akitoka sekondari. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ilikuwa Septemba 9, 2003, siku aliyotimiza miaka 20, na aliyekuwa akitupa upande wa pili ni Randy Johnson, mtu aliyewatetemesha wapigaji kwa miaka mingi. Dogo akashinda. Ungeuona usiku ule ungeapa kwamba atazeekea Los Angeles. Januari 2006 akapelekwa Tampa Bay.

Kutoka Tampa Bay akaenda Detroit, na 2009 akachaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kabla mwaka haujaisha, Arizona. Akiwa huko, Juni 25, 2010, akarudi Tampa Bay kama mgeni na kutupa mechi nzima, zamu zote 9, bila mpigaji wa timu yake ya zamani kupata pigo hata moja. Alitupa mipira 149. Siku hizi mtupaji akikaribia 100 kocha ameshaanza kumfuata. Aliwapa wapigaji wanane besi (kituo) ya kwanza bure kwa kukosa shabaha, akashinda 1-0. Ungedhani Arizona wangemjengea sanamu. Julai haikuisha, wakampeleka Chicago White Sox.

Mwaka uliofuata ndio wa kuchekesha. Julai 27, 2011, White Sox walimpeleka Toronto, na siku hiyo hiyo Toronto wakampeleka St. Louis. Oktoba akavaa pete ya ubingwa. Toronto walikuja kumpata tena 2019, safari hii akavaa jezi kweli, na hiyo ndiyo ikawa timu ya 14, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia hadi Rich Hill alipoisawazisha 2025 akiwa na Kansas City, akiwa na miaka 45.

Ni kweli alishinda mechi 107 na kupoteza 133. Ni kweli Cubs, timu nyingine ya Chicago, walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 52, na mwaka wa kwanza tu, 2013, akapoteza mechi 18. Mwenye neno garasa hapo ana hoja, sibishi. Lakini jiulize: garasa linatafutwaje na timu ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja? Alikuwa na mkono wa kasi, haumwi hovyo, zamu yake ikifika yupo. Mtu wa hivyo ana soko kila dirisha likifunguliwa, na ndiyo sababu hakai.

Sisi tuliolelewa na Simba na Yanga hili linatuchanganya. Kwenye soka klabu mbili zikikubaliana, bado mchezaji lazima akubaliane nao maslahi yake, akigoma dili limekufa. Besiboli haiko hivyo. Klabu inamiliki mkataba, na inaweza kuubadilisha na mkataba wa mwingine bila kumuuliza mwenye mkono. Ukitaka haki ya kukataa unaiandikisha kwenye mkataba wakati una nguvu, au ufikishe miaka kumi Ligi Kuu na mitano ya mwisho iwe kwenye klabu moja. Kiguu na njia hiyo mitano ataipatia wapi?

Kuna na hesabu ya orodha. Kila klabu ina orodha ya watu 40, na ndani yake 26 ndio wanaocheza Ligi Kuu (enzi zangu walikuwa 25). Mchezaji kijana aliye kwenye ile 40 anaweza kushushwa na kupandishwa kwa misimu mitatu bila klabu nyingine kumgusa. Misimu hiyo ikiisha, kumshusha kunakuwa shughuli: anatolewa kwenye orodha, klabu ina siku saba za kuamua, na klabu nyingine yoyote inaweza kunyoosha mkono ikamchukua. Kwa hiyo mtupaji wa miaka 30 anayehitajika kwa mechi mbili tu anapandishwa, anatupa, anatolewa, anadakwa na wengine, wiki mbili baadaye nao wanamtoa. Mkono wake haujabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni rangi ya kofia.

Kwa sisi Waafrika mfano mzuri kuliko Jackson ni Tayler Scott, aliyezaliwa Johannesburg. Cubs walimchukua 2011. Ikamchukua miaka minane kufika Ligi Kuu, 2019, na Seattle, akawa mtupaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Katikati alipita hadi kwenye ligi zisizo na uhusiano na klabu kubwa, kule Sioux City, mahali ambapo wengi hawarudi. Baadaye akaenda Hiroshima, Japani. Mwaka 2023 peke yake alivaa jezi tatu za Ligi Kuu: Dodgers, Boston na Oakland. Mwaka uliofuata Houston wakampa nafasi, akatupa mechi zaidi ya 60, na alikuwa moto. Angehukumiwa 2023 mngesema nini?

Mpwa wako, mkuu. Njia ipo: Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda 2022, na David Matoma, Mganda pia, alisajiliwa na Pittsburgh. Hata Dar, waliosoma Azania wanaujua ule uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Lakini usisikilize habari za mamilioni. Enzi zangu kima cha chini cha Triple-A kilikuwa kama dola 500 kwa wiki, na kwa wiki za msimu tu. Miezi mingine kila mtu ajijue. Nimewaona watu wazima wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili, magodoro ya kujaza upepo chini. Tangu 2022 klabu zinatoa makazi, na mkataba wa chama cha wachezaji wa 2023 uliongeza mishahara. Triple-A ikafika dola 35,800 kwa mwaka. Ila angalia hapa: vijana wa Afrika mara nyingi wanaanzia kwenye kambi za Jamhuri ya Dominika, na mkataba ule unawahusu walioko Marekani. Muulize skauti, kabla ya kalamu kugusa karatasi: pesa ya kusaini kiasi gani, anaanzia nchi gani, kiwiko kikikatika nani anamtibu na anamlipa kwa muda gani. Kiwiko kinakatika, mkuu. Upasuaji wake umepewa jina la mchezaji wa kwanza kufanyiwa, Tommy John, mwaka 1974, na kupona ni mwaka au zaidi. Kuhusu shule, mimi niliyeshindwa kuimaliza sina uso wa kukushauri, lakini dogo akiweza kupata cheti kwanza, mkono hautaoza.

Sasa niwaambie kuhusu jamaa mmoja, maana ndiye aliyenifanya nikae macho usiku huu kuandika. Jina silitaji. Vijana walimwita Mzee, alikuwa na miaka 33. Mkono wa kushoto. Alishapitia klabu sita, akatupa Korea, na kila msimu wa baridi alikuwa Mexico au Venezuela kutafuta ada ya watoto. Begi lake hakuwahi kulimaliza kulifungua. Shati analotaka analivuta kutoka chini, analikung'uta, anavaa. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za kupanga tunaijua hiyo tabia.

Mzee alikuwa na siku 38 za Ligi Kuu maisha yake yote. Nilijua kwa sababu alizihesabu waziwazi, kama mtu anayehesabu siku za mfungo. Kanuni yao iliyoanza 1980 ni hivi: siku moja tu juu inakufungulia mlango wa bima ya afya ya wachezaji, na siku 43 zinakuingiza kwenye pensheni. Alikuwa anadai tano. Miaka 14 ya kutupa mpira ilikuwa imebaki siku tano.

Juni 2017 akaitwa. Meneja alimwita ofisini saa nne usiku, akatoka uso umekunjuka, akanikumbatia nikiwa na kikapu cha soksi chafu. Ndege ya alfajiri. Kule juu siku moja ina thamani ya karibu dola 2,900 kwa mshahara wa chini wa mwaka ule. Akakaa siku tatu, akatupa zamu moja na theluthi, akafungwa hom rani moja (pigo linalovuka uzio), akatolewa kwenye orodha. Hakuna klabu iliyonyoosha mkono. Akarudi kwetu. Siku 41.

Asubuhi aliyorudi nilikuwa nimeshalibandua jina lake na kumpa kabati kijana mwingine. Niliona aibu kana kwamba nimemfukuza mimi. Yeye akachukua utepe, akaandika mwenyewe, akabandika kwenye kabati la kona karibu na mashine za kufulia, akaniambia, "Hapa nitakuwa nakusikia ukiimba." Kumbe nilikuwa naimba taarabu kwa sauti siku zote.

Julai na Agosti alitupa vizuri kuliko kijana yeyote pale, na wakapandishwa vijana. Hakuna aliyemwonea, orodha ndivyo ilivyo: kumpandisha kijana aliyemo tayari kwenye ile 40 hakugharimu kitu, kumpandisha yeye aliyeshatolewa ni lazima mtu atolewe kwenye ile 40. Jioni nyingine alikuwa anakaa na mimi kupaka mipira tope, kazi isiyo yake, ananifundisha kushika mpira wa kupinda. Mikono yangu ni mifupi, sikuuweza.

Miaka ile, kuanzia Septemba 1, klabu iliruhusiwa kutumia watu wote 40. Msimu wetu ukaisha siku chache baadaye. Watu wanaagana, mimi nahesabu taulo, Mzee akaitwa ofisini tena. Mtupaji mmoja kule juu aliumia vibaya, nafasi ikapatikana kwenye orodha. Alifika kule Septemba 5. Siku 42.

Septemba 6 nilikuwa nasafisha makabati, nimeegesha simu juu ya mashine naangalia mechi. Walikuwa nyuma kwa pointi nane, mechi ya kuwapa dakika watu kama yeye. Akasimama akapasha mkono zamu ya saba. Akaketi. Akapasha tena zamu ya nane. Akaketi tena. Mechi ikaisha hajatupa mpira hata mmoja, na kwenye hesabu ya siku hilo halina tofauti yoyote. Mradi jina lilikuwa kwenye orodha.

Saa sita na nusu usiku ujumbe ukaingia. "43." Kisha wa pili: ameacha viatu vyake vya mazoezi, vile vya kijani, kwenye kabati la kona, kama bado sijavitupa. Vilikuwepo. Nilivisugua udongo, nikavituma asubuhi.