Maswali ya Wasomaji: Taa Juu ya Ziwa na Kazi ya Majasusi

SWALI: Saa mbili kasorobo usiku, pale ufukweni Kibirizi, tuliona taa kama ishirini zimefuatana mstari mmoja. Zilitokea upande wa Kongo, zikapita juu yetu kimya, kisha zikazimika moja baada ya nyingine. Mzee mmoja akatuambia majasusi wa mataifa makubwa huchunguza vitu hivi. Kweli? Wanatafuta nini? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Kwa maelezo yako, hizo karibu hakika ni satelaiti za Starlink, mtandao wa intaneti wa kampuni ya SpaceX. Tangu Mei 2019 hurushwa kwa makundi, na siku za mwanzo husafiri zimeandamana kabla ya kupanda hadi kilomita 550 hivi. Kigoma jua limekwisha kuzama, lakini huko juu bado linazimulika. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia, upande wa mashariki, hazionekani tena.

Mzee wenu amesema kweli. Julai 1952 rada za Washington zilionyesha vitu visivyojulikana, ndege za kivita zikarushwa kuvifuata. Januari 1953 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikawaita wanasayansi chini ya mwanafizikia H. P. Robertson. Hawakuona ushahidi wa tishio katika vitu vyenyewe. Walichohofia ni wingi wa ripoti: siku Wasovieti wakishambulia kweli, njia za mawasiliano zingekuwa zimezibwa na habari za taa.

Kisha CIA yenyewe ikaongeza tatizo. Kuanzia 1955 ndege yake ya siri, U-2, iliruka zaidi ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria zilikuwa kati ya futi 10,000 na 20,000. Jioni rubani aliye gizani aliona kitu kinawaka mbali juu yake, kwa sababu ileile ya satelaiti zenu. Wakubwa walijua, ila siri ikawafunga midomo, wakatoa visingizio vya fuwele za barafu na hali ya hewa. Kwa maoni yetu, visingizio hivyo ndivyo vilivyopanda shaka iliyopo hadi leo.

Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliochunguza ripoti za vitu hivi, ulipofungwa 1969 ulikuwa na ripoti 12,618. Kati yake 701 hazikutambuliwa. Ripoti ya ujasusi wa Marekani ya Juni 2021 ilipitia matukio 144 ikaeleza moja tu kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likipungukiwa hewa. Taarifa za mengine zilikuwa pungufu mno.

Kwa hiyo andikeni vizuri. Saa na dakika, mahali mliposimama, uelekeo, muda kilioonekana, kama kilimweka au kilitoa sauti. Kimo pimeni kwa ngumi: nyoosha mkono, kila ngumi ni nyuzi 10 hivi kutoka upeo wa macho. Satelaiti haimweki kwa mpigo kama ndege, yenye taa nyekundu bawa la kushoto na kijani la kulia. Kinachoganda sehemu moja magharibi kisha kikazama taratibu mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Taa za wavuvi wa dagaa nazo, zikiwa mbali, huonekana kama zinaelea. Droni ikizunguka karibu na bandari au mpaka, piga simu polisi palepale.

SWALI: Video yangu inaonyesha duara linalotanuka na kusinyaa. Ni nini? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Ni simu inayohangaika kutafuta fokasi gizani. Usivute picha karibu. Kwenye skrini bonyeza kwa muda taa ya mbali hadi fokasi ijifunge, egemeza simu ukutani, na paa au mnara uonekane ndani ya picha, maana bila hivyo mwendo haupimiki. Faili la awali lihifadhi. Likipitia WhatsApp hubanwa, nukta ndogo zikapotea.