Jibu: Bawa la kadisi linalozunguka kwenye ndoano

Ndugu, umeuliza kwa nini bawa la kadisi wako, yule nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, huteleza hadi chini ya ndoano kila unapolikaza. Tatizo liko kwenye mizunguko ya kwanza ya uzi. Nywele za elki (kulungu mkubwa) zinazotengeneza bawa zina hewa ndani: ndiyo inayomwelesha nzi, na ndiyo inayozifanya zitawanyike zikibanwa.

Chukua kifungu chembamba kama njiti ya kiberiti. Chana ile sufi fupi ya shinani itoke yote, maana ikibaki hata kidogo bawa halishiki. Gonga ncha zilingane. Shika nywele kwa vidole juu ya ndoano, zungusha uzi mara mbili bila kubana, kisha vuta moja kwa moja kwenda chini, vidole vikiwa havijaachia. Ongeza mizunguko minne ya nguvu ndipo uachie.

Unyoya wa jogoo unaozungushwa mwilini mwa nzi uufunge kwa waya mwembamba unaozungushwa kinyume chake, kama alivyofanya Al Troth aliyebuni nzi huyu mwaka 1957. Usiuruke waya, meno ya trauti hukata unyoya haraka. Kama unatoka Nairobi kuvua mto Mathioya, mimi kadisi wa kahawia kwenye ndoano namba 14 angenitosha.