Muulize Anti: Mguu wangu unafuata waipa, nimechezewa?

Shikamoo anti. Mi ni fundi cherehani huku Mbagala, tunatumia vyerehani vya kukanyaga na mwenzangu, tumekaa tunatazamana. Sasa nikiinua macho nikaangalia miguu yake inavyokanyaga, baada ya muda nashtuka na mi nakanyaga spidi yake, wakati nashona nguo za watoto zinataka taratibu, mshono unapinda naanza kufumua. Halafu juzi kwenye ile mvua nilikaa siti ya mbele kwenye daladala, waipa inaenda huku na huku, kuangalia chini mguu wangu unagonga vilevile na redio ilikuwa imezimwa kabisa! Mama anasema nimechezewa, anataka twende kwa mtaalamu Mkuranga. Naogopa anti.
Fundi, Mbagala

Marahaba mwanangu. Hujachezewa, na mwambie mama hivyo kwa upole maana naye ana hofu ya mzazi. Hicho kitu kinatupata wote, wewe umekiona tu kwa sababu kazi yako ni ya miguu na mshono unasema ukweli papo hapo.

Iko hivi, jicho likifuata kitu kinachokwenda kwa mpigo, mwili nao unavutwa kwenye mpigo huo bila kukuomba ruhusa. Marekani mwaka 2007 watafiti waliwapa watu kijiti cha kubembeza kwa mkono, kila mtu kwa mwendo wake, huku wakisoma kwa sauti herufi zinazotokea kwenye skrini, na kwenye skrini hiyohiyo kuna kitu kinakwenda kulia kushoto. Watu wanajua wamekuja kusoma herufi, kumbe mkono unaanza kukifuata kile kitu! Na ulifuata zaidi pale herufi zilipokuwa juu ya kitu chenyewe, yaani macho yalipolazimika kutembea nacho, kuliko zilipokaa pembeni zimetulia. Hiyo ndo waipa yako. Mwaka huohuo kwenye utafiti mwingine watu walikalishwa wawili wawili kwenye viti vya kubembea, na waliokuwa wanaonana walijikuta wanabembea pamoja, wanaachana, wanarudi tena, ila walipokuwa hawaonani kila mtu akaenda na lake.

Hapo kwenye kuachana na kurudi pazingatie, maana ndo panaonyesha kwamba hakuna anayekushika mguu, unavutwa tu, na mvuto unashika pale miendo miwili inapokaribiana. Mwenzako angekuwa anakanyaga mbio sana kuliko wewe, miguu yako isingemfuata.

Kwa hiyo dawa ni ya macho. Geuzeni vyerehani mpeane mgongo, au kama chumba hakiruhusu tundikeni khanga katikati kuanzia usawa wa meza kwenda chini, sura mtaonana na stori zitaendelea ila magoti hayaonekani. Kukaa ubavu kwa ubavu kunapunguza tu hakumalizi, kwa sababu hata kwa kona ya jicho mtu anavutwa kidogo. Na siku ukipata mwanafunzi anayekanyaga kwa kushtukashtuka mkalishe mbele yako kabisa aone miguu yako, usimhesabie moja mbili, mwache aangalie.

Ila nisikufiche, mguu ukianza kutikisika wenyewe umetulia, huangalii kitu chochote, hilo ni jambo jingine, nenda hospitali ukamwone daktari.

Anti, mi nauza viatu Kariakoo, jirani yangu kaweka taa za kuwaka na kuzima mlangoni usiku mzima. Mbona mimi mguu wangu hauchezi?
Muuza viatu

Swali zuri sana hili. Taa yako inawaka na kuzima ila haiendi popote, jicho halina cha kufuata. Watu wakiambiwa wagonge kidole kufuata taa inayomweka wanahangaika, wakati mlio wa ti-ti-ti wanaupata bila shida, sikio limeliacha jicho mbali kwenye mapigo. Ukiweka mpira unaodunda badala ya taa, hapo jicho linajitahidi karibu kulifikia sikio, kwa sababu unaona unavyoshuka na unajua utagusa chini saa ngapi. Jirani akibadilisha akaweka zile taa zinazokimbia kwenye mstari kwenda na kurudi, angalia mguu wako halafu niandikie.