Maswali ya wasomaji: Arowana kwenye baridi yetu

SWALI: Natamani kufuga arowana, yule samaki wa tangi, lakini Juni hapa kwetu maji ya bomba yanauma vidole. Ataishi? Na kwa nini watu wanamlipia pesa nyingi hivyo?
Msomaji, Forest, Mbeya

JIBU: Dada, ataishi, ila joto utalilipia kila mwezi, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kumnunua.

Kwanza uzuri wake. Arowana haendi kujificha chini. Anapita juu kabisa, karibu na uso wa maji, akijikunja polepole kama utepe, na kila anapogeuka magamba yake makubwa yanashika taa moja baada ya jingine. Mbele ya taya la chini ana sharubu mbili zilizonyooka. Wachina wanamwita samaki joka, na wengi huamini analeta heri. Bei inayotisha ni ya arowana wa Asia, mwekundu au wa dhahabu. Huyo analindwa tangu 1975 na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wa halali hutoka shamba lililosajiliwa, ana chipu mwilini na karatasi zake. Akikosa karatasi, mwache. Arowana wa rangi ya fedha, anayetoka bonde la Amazon, ni wa bei nafuu zaidi na kwa macho yetu hapungukiwi kitu.

Kinachopunguka ni nafasi. Kinda la urefu wa kidole hupita sentimita 60 ndani ya miaka michache, na lazima aweze kugeuka bila kujikunja. Mwambie fundi wa vioo akutengenezee tangi la sentimita 180 kwa 75, kimo 60, kioo cha milimita 12 chenye mikanda ya kioo juu. Hizo ni kama lita 800, yaani kilo 800 za maji peke yake. Liweke juu ya fremu ya chuma kwenye sakafu ya zege, na shuka la povu gumu (styrofoam) katikati ili kioo kisipasuke penye kinundu.

Maji yakae nyuzi 26 hadi 29. Tumia hita mbili za wati 300, usitegemee moja kubwa: moja ikifa, nyingine inashikilia, moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kumchemsha samaki haraka. Bandika povu la sentimita 3 nyuma na ubavuni. Hita hizo zikiwaka nusu ya siku zinakula uniti 7.2 kila siku, na Julai zitakula zaidi.

Umeme ukikatika, wengi hukimbilia blanketi. Tangi kubwa namna hiyo hupoa taratibu, pengine nyuzi moja kwa saa mbili au tatu. Kinachomuua mapema ni kukosa hewa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Maji yakiwa ya moto, oksijeni hupungua zaidi. Pampu ya hewa ya betri ndiyo ya kununua kwanza.

Kila wiki badilisha lita 200. Maji ya bomba yalale kwenye pipa siku mbili yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Kama yana nyuzi 17, chukua lita 170, ongeza ndoo moja na nusu ya maji yaliyochemka, yaani lita 30: utapata kama nyuzi 28. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa kiganja.

SWALI: Kamwene. Nimemkuta arowana wangu sakafuni asubuhi, kifuniko kimesogea. Tatizo nini?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Kamwene, ndugu, na pole sana. Porini huruka nje ya maji kudaka wadudu kwenye matawi, kwa hiyo kifuniko kilicholazwa tu hakimzuii. Kifungwe kwa komeo pande zote, na tundu za mabomba zizibwe kwa wavu wa plastiki. Taa ya chumba iwake dakika kumi kabla ya taa ya tangi; mwanga wa ghafla humshtua. Pima pia amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, maana maji machafu humfanya atafute pa kutokea.

SWALI: Arowana wangu nampa nyama ya ng'ombe na usipa kutoka Kyela. Inafaa?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Nyama ya ng'ombe acha, mafuta yake humkaa tumboni. Usipa si kila siku, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Changanya: kamba waliomenywa, vipande vya sato, chakula cha punje zinazoelea, panzi. Panzi wa shamba la viazi lililopigwa dawa asiingie kabisa. Akipita sentimita 50, mara moja kwa siku inatosha, na masalia yatolewe baada ya dakika kumi.