Handaki la IPv6 juu ya laini ya IPv4: pingi inajibu, kurasa hazifunguki

Mkuu mleta mada, umesema faiba yako ina IPv4 peke yake (anwani za intaneti za mfumo wa zamani; IPv6 ni za mfumo mpya), umefungua handaki la bure la kampuni ya Hurricane Electric, pingi ya IPv6 (ujumbe mfupi wa kupima kama mashine ya mbali inajibu) inajibu vizuri, lakini kurasa hazifunguki, kivinjari kinazunguka tu. Wachangiaji wawili wamekushauri uachane nalo. Usiache. Tatizo hilo lilinikesha usiku tatu kwenye maabara ya kompyuta ya chuo ninachokihudumia, na dawa yake ni ndogo.

Handaki la aina yako huitwa 6in4. Ruta yako inachukua pakiti nzima ya IPv6, inaivika kichwa cha IPv4 na kuituma hadi seva ya upande wa pili, nayo inaivua na kuiachia iendelee na safari. Kichwa hicho kina baiti 20. Laini ikibeba pakiti za baiti 1500, ndani ya handaki inabaki nafasi ya 1480. Pingi ya kawaida ni ndogo, inapenya bila taabu. Ukurasa unakuja kwa pakiti zilizojaa, na hizo ndizo zinazokwama.

Kwangu hata 1480 haikupita. Laini ya chuo ilikuwa ya PPPoE (ruta inaingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila), nayo inachukua baiti 8 zake, kwa hiyo tulibaki na 1472. Nilijua baada ya kupima. Kwenye Linux andika ping -6 -M do -s 1432, kisha jina la tovuti yenye IPv6. Hizo 1432 ukijumlisha 48 za vichwa unapata 1480. Kimya. Nikashusha hadi 1424, majibu yakaanza kumiminika. Nikaweka MTU ya handaki (ukubwa wa juu kabisa wa pakiti) 1472 kwenye ruta, nikaweka hiyohiyo kwenye ukurasa wa mtoa handaki (wana sehemu ya kubadilisha, wengi hawaifungui), halafu nikaiambia ruta itangaze 1472 kwa mashine zote za ndani. Kama ruta yako haiwezi kutangaza, bana MSS ya TCP (kiasi cha data katika kila pakiti, bila vichwa) iwe 1412. Kurasa zilifunguka papo hapo.

Sasa chunguza ukuta wa moto. Mafundi wengi tulizoea kufunga ICMP (ujumbe wa mtandao wa kupeana taarifa na makosa, pingi ikiwemo) yote tukiamini ndiyo usalama. Kwenye IPv6 hilo ni kosa kubwa. Ruta za njiani haziruhusiwi kukatakata pakiti. Pakiti ikizidi, zinaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 kwamba ni kubwa mno. Ukiufunga ujumbe huo, mtumaji ataendelea kutuma pakiti zilezile na hutaona kosa popote.

Lakini usiache mlango wazi. Handaki likishafanya kazi, kila kifaa cha ndani kinapata anwani inayofikika kutoka popote duniani, na ile NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje) uliyozoea kujificha nyuma yake haipo tena. Nilijaribu kutoka kwenye seva niliyokodi nje ya nchi, ukurasa wa mipangilio ya printa ya maabara ukafunguka bila hata nywila. Zuia miunganisho yote inayoanzishwa kutoka nje kwenye handaki lenyewe, kisha fungua unachokihitaji tu. Na kumbuka 6in4 haifichi chochote: aliye katikati ya njia anasoma yaliyomo kama kawaida.

Kwa anayesoma hapa akiwa kwenye laini ya kadi ya simu: angalia kwanza anwani ambayo ruta yako imepewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, unachangia anwani moja ya nje na wateja wengine. 6in4 haitafanya kazi hapo, maana inatumia itifaki namba 41 ambayo haina poti (namba za kutofautisha mawasiliano), na NAT ya namna hiyo hugawa watu kwa poti. Mimi nyumbani nimekodi seva ndogo yenye IPv6 na kuiunganisha kwa WireGuard, handaki la aina nyingine linalopita juu ya UDP, itifaki yenye poti. Weka PersistentKeepalive 25 (ujumbe mdogo kila sekunde 25) ili NAT isikusahau. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama atakuelekezea kizuizi kizima cha anwani kwenye seva yako. Akikupa anwani zilizotandazwa tu kwenye waya wake, itabidi uhangaike na proksi ya NDP, yaani seva kujibu kwa niaba ya vifaa vyako.

Seva ya upande wa pili nayo ichague kwa kupima. Ukichagua London, hata pakiti ya kwenda kwa jirani yako wa Dar itapitia London kwanza, na utauhisi huo mzunguko kila siku.

Kuna miongozo ya zamani bado inazagaa, inakuelekeza kwenye 6to4, handaki la zamani lisilo na mtoa maalumu, na anwani 192.88.99.1. Iache. Njia hiyo ya anwani ya pamoja ilitangazwa rasmi kuwa imepitwa na wakati mwaka 2015, kwa sababu pakiti zilikuwa zinapita kwa yeyote aliyejitolea na mara nyingi hazirudi.

Na tuendelee kuwabana watoa huduma wetu. Mwaka 2007, kampuni ya Free ya Ufaransa iliwapa wateja wake IPv6 ndani ya wiki tano, kwa njia ya 6rd aliyoibuni Rémi Després, bila kubomoa mtandao wao wa IPv4. Lilikuwa ni handaki hilihili, isipokuwa mwisho wake ulikuwa ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe na mteja hakuguswa na haya yote. Mimi nimeandika barua mbili kwa wa kwetu, na nitaandika ya tatu.

Mkuu, pima 1432, kisha 1424, uweke hapa majibu pamoja na aina ya ruta yako. Kama zote mbili hazirudi, shuka hadi 1232. Hiyo ni MTU ya 1280, kiwango cha chini kabisa IPv6 inachokubali. Ikigoma hapo, basi shida haiko kwenye ukubwa wa pakiti, tutaitafuta kwingine.