Mke Wangu Alipimwa Miaka Miwili, Mimi Nikimsubiri Nje

Kwa miaka miwili ya kutafuta mtoto, mke wangu aliingia katika vyumba vya uchunguzi peke yake, nami nikaketi kwenye benchi nikiamini kwamba kazi yangu ni kumsindikiza. Alipimwa homoni, akafanyiwa ultrasaundi, kisha akavumilia ile picha ya eksirei ambayo kabla yake dawa hupitishwa kwenye shingo ya kizazi ili ijulikane kama mirija ya uzazi iko wazi. Siku hiyo alitoka ameshika tumbo. Majibu yote yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeniuliza lolote, nami sikujitokeza, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kipimo cha manii hakina maumivu na kingepaswa kutangulia vyote hivyo.

Nilipopimwa hatimaye, nilikutwa na mbegu zisizofika milioni moja kwa mililita, ilhali kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni milioni 16. Daktari aliniuliza kama natumia dawa za kujenga misuli. Nilikuwa nimejidunga sindano za testosteroni kwa zaidi ya mwaka, na haikunipitia akilini kwamba homoni ya kiume inaweza kumnyima mwanamume uzazi.

Inaweza, na namna inavyofanya hivyo inafaa kueleweka na kila kijana anayeshawishiwa kuitumia. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili zinazoziamuru korodani kutengeneza testosteroni na mbegu. Damu inapojaa testosteroni ya sindano, ubongo huhesabu kwamba imetosha na kusitisha amri hizo. Korodani hupunguza kazi na hata kusinyaa, na testosteroni iliyomo ndani yake, ambayo mbegu huihitaji kwa wingi unaozidi sana ule wa kwenye damu, hushuka. Misuli hutuna huku mbegu zikiisha.

Niliacha sindano chini ya uangalizi wa daktari, kisha ikanibidi kusubiri. Mbegu huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani, kwa hiyo homa kali ya leo huweza kuonekana kwenye kipimo cha miezi miwili au mitatu ijayo, na kipimo kimoja kibaya hurudiwa kabla ya mtu kukata tamaa. Korodani pia huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zimewekwa nje ya tumbo. Niliacha kupakata kompyuta na kuoga maji ya moto sana, na sigara nikaitupa kabisa.

Kosa jingine lilikuwa letu sote wawili. Tulishikilia siku ya 14 kana kwamba ni sheria, wakati mzunguko wa mke wangu ni wa siku 33. Yai hutoka kwenye ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala si siku 14 baada ya hedhi iliyopita kuanza, hivyo yai lake lilikuwa likitoka karibu na siku ya 19, sisi tukiwa tumekwisha kupumzika. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu zinaweza kusubiri ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo siku zinazotangulia ndizo zenye thamani kubwa. Dalili ya siku hizo ni ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi.

Katika kuhangaika kwake alishauriwa pia ajisafishe ukeni kwa dawa. Nawasihi akina dada wasifanye hivyo. Uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi inayozuia vijidudu vibaya, na kuuosha ndani huwaondoa walinzi hao. Maji safi kwa nje yanatosha.

Klamidia, ugonjwa wa zinaa, inastahili kupimwa na wote wawili, kwani mara nyingi haina dalili, na ikiachwa inaweza kuziba mirija ya mwanamke. Uchunguzi wa shingo ya kizazi nao usisubiri maumivu, maana virusi vya papiloma, vinavyosababisha takriban saratani zote za sehemu hiyo, hufanya kazi kimya kwa miaka mingi.

Wanaotafuta mtoto kwa miezi 12 bila mafanikio, au miezi 6 ikiwa mwanamke ametimiza miaka 35, waende kwa daktari pamoja, na mwanamume atoe sampuli baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga manii. Kipimo changu cha tatu, mwezi wa kumi na moja baada ya kuacha sindano, kilisoma milioni 19. Mke wangu ndiye aliyeipokea ile karatasi, na akaisoma kabla yangu.