Barua kwa mwanangu: maneno ya baada ya kinasa kuzimwa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma, nikairudia tena baada ya alasiri. Unaniuliza juu ya yule mama wa Micheweni, kule Pemba, aliyekujibu kwa heshima kinasa sauti kikiwa kinawaka, kisha ulipokizima na kufunga daftari akakusindikiza mpaka barabarani, njiani akakutolea yaliyomo moyoni. Maneno yale ya barabarani uyatie kwenye tasnifu au uyaache? Msimamizi wako anasema fomu ya ridhaa aliyoitia saini haiyahusu. Wewe unasema ukiyaacha, sura nzima ya mahojiano inabaki kavu.

Mimi mambo ya fomu siyajui sana. Ninachokijua ni kwa nini mtu hungoja kinasa kizimwe. Kikiwa kinawaka, mwanamke hasemi na wewe. Anasema na sheha, mkuu wetu wa mtaa, na mnunuzi wa mwani, na mumewe, na bwana yeyote wa serikali ambaye huenda siku moja akaisikia sauti ile. "Mwani umetusaidia, alhamdulillahi." Sote twasema hivyo, wala si uongo. Kabla ya 1989, mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara hapa Jambiani na kule Paje, sisi wanawake tulikuwa na kusokota kamba za usumba, kusuka ukili na kuokota chaza, na fedha yake hata haikukaa mkononi. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mgongo. Ni macho kuwasha kwa chumvi na jua. Ni kotonii, mwani wa bei nzuri, kukatika na kuoza maji yakipata moto, tukabakia na spinosamu, mwani wa bei ya chini. Ni bei kupangwa na mtu ambaye hajapata kufunga taitai, kijikamba cha kushikia mche wa mwani, hata moja kwenye kamba. Nusu hiyo hutoka mkiwa mnatembea, mtu hakutazami usoni.

Maneno ya mtu ni amana. Nilikwambia siku unaondoka kwenda Chuo Kikuu Dar es Salaam, na leo nakwambia tena.

Kisa cha ile ripoti wewe unakijua juu juu tu, kwa sababu wakati ule wewe na pacha wako mlikuwa mjini kwa shangazi yenu mnasoma. Walikuja watafiti, vijana wenye adabu, mmoja wao akakaa nami barazani huku nashona kofia. Aliuliza, nikajibu. Alipozima mashine yake nikampa maji ya kunywa, tukazungumza kama watu. Ndipo nilipomwambia kwamba kila nikiuza mwani, nusu ya fedha naitia kwenye upatu na baba yenu hajui, kwa sababu fedha ikipita mikononi mwake huwa ya jahazi na nyavu, na mie nataka iwe ya mabuku na nauli za skuli.

Wakarudi na ripoti yao. Tukaitwa skuli, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Yule kijana akasoma: "Mshiriki wa kumi na moja, mkulima wa mwani, mshona kofia, mama wa pacha, alisema..." Jina langu hakulitaja, lakini kijiji kizima mama wa pacha anayeshona kofia alikuwa nani? Wenzangu waliinamisha vichwa. Baba'ko, Mungu amrehemu, hakunambia kitu. Usiku alikula, akanawa, akatoka kwenda kulala chomboni. Na asubuhi pia hakunambia kitu. Mpaka leo nikilikumbuka dawati lile nililokalia, uso unanipanda moto. Kijana yule hakuongeza neno wala hakupunguza. Yote niliyasema mimi. Ila nilimpa yeye, sikuwapa wale.

Hapo ndipo ningekwambia uache, na ningemaliza barua. Lakini moyo haukubali. Shoga yangu wa nyumba ya pili naye alihojiwa, tena siku ya bamvua, maji yamekupwa, wenzake wako shambani wanavuna. Katika ripoti hakuoneka hata kwa mstari mmoja. Mpaka kesho anasema, "Walinipotezea maji." Yeye kilichomuuma ni kuachwa, mimi kuandikwa. Na nikisema kweli, katika kurasa zote zile walizosoma, lile langu la upatu ndilo lililowafanya wanawake wainue macho na kutazamana. Nusu yao walikuwa na upatu wao. Lisingesomwa, kila mmoja angebaki anadhani ni yeye peke yake. Sasa mtafiti aliyelifungia sanduku neno kama hilo, amelihifadhi au amelizika?

Sijui. Ulimi unaniwasha nikuamrie, nawe wanijua. Lakini mama yule ni wa Micheweni, mie ni wa Jambiani, na mume wake simjui, na jirani zake siwajui. Maneno ya mtu ni amana, na amana ina mwenyewe. Wewe unajua nyumba yake ilipo.

Ila hili nalisema bila ya kuulizwa: ukienda, usiende bamvua. Pemba ndiko mwani mwingi unakolimwa, na siku hizo hakuna mwanamke mwenye nafasi hata ya kujikuna. Ngoja maji mafu, siku bahari haikupwi sana. Na hizo sifa unazomwandikia, umri, watoto, kazi, mkalie msome pamoja, akwambie mwenyewe ipi itamfanya ajulikane.

Pacha wako anakusalimu. Kofia ya baba mkwe wako imebakia kutiwa ukingo, nitampa dereva wa daladala Ijumaa akufikishie mjini.

Mama yako.